Kanda ya Pili

Sisi tuliokulia Junda, kule Kisauni, kabla ya simu za kupapasa tuliamini mambo ambayo leo mtoto wa chekechea angetucheka. Tuliamini ukimeza mbegu ya ukwaju mti utamea tumboni. Tuliamini kwenye mikoko kule majini hukaa mwanamke mwenye kwato, anayependa watoto wanaotumwa dukani wakachelewa. Na tuliamini kwamba mahali fulani mbali aliishi mtu aitwaye Kalama, mwenye taji la chuma, aliyeua joka kubwa kuliko feri ya Likoni. Imani mbili za kwanza ziliniisha bila maumivu. Ya tatu imeniisha juzi, ukumbini Kiembeni, na mpaka naandika haya moyo haujarudi mahali pake.

Nianze na banda. Mjomba Karisa, kaka yake mama, alikuwa na banda la video la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Ndani kulinuka jasho, mafuta ya nazi na achari ya embe. Tulikaa chini kwenye mchanga, wakubwa kwenye mabenchi, na mlangoni mama yangu alikuwa na karai lake la viazi, vile vya rangi ya njano vinavyochomwa kwa unga na kuliwa kwa ukwaju. Kila Jumamosi, baada ya picha za ngumi, watu walipiga makelele: "Kalama! Kalama!" Na mjomba, akijifanya amechoka, aliitia ile kanda.

Filamu yenyewe ilikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua Kisauni nzima. Hata mjomba hakuijua, ila jambo hilo halikutusumbua. Alisimama kando ya runinga na fimbo ya mfenesi, akawasemea wote: wanaume, wanawake, farasi, hata joka. Majina alitoa yeye. Shujaa alikuwa Kalama, na adui yake, kijana mwenye nywele za rangi ya kutu, alikuwa Mwekundu.

"Muoneni mtoto aliyelelewa!" mjomba alipaza sauti Kalama alipoinama mbele ya mfalme mzee. "Ameubusu mkono wa mzee wake! Na nyinyi, nani leo amemwamkia bibi yake?"

Watu wazima waliinamisha vichwa.

"Sasa mtazameni huyu Mwekundu. Anakula kwa mkono gani?"

"Wa kushotooo!"

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wazeee!"

"Huyu atakuwa na mwisho mwema?"

"Hanaaa!"

Ndivyo tulivyomjua mwema na mwovu, na wallahi hatukuhitaji kuambiwa zaidi.

Lakini mimi nilikuwa nikisubiri pale Kalama anaposimama langoni, begani mfuko wa kitambaa, mbele yake mwanamke mzee. Mjomba aliishusha sauti, banda zima likanyamaza, hata watoto wa kunyonya. "Mama," alisema kwa niaba ya Kalama, "dunia ni pana na macho yangu yana njaa. Usinidai kurudi. Nidai salamu." Kisha Kalama aligeuka akaenda. Kila tulipofika hapo mama yangu alitoka nje kwenda kuangalia mafuta yake, hata siku ambazo viazi vilikwisha na jiko limezimwa. Wenzangu walinicheka: "Mamako anaogopa kulia!"

Kitu kimoja kilitukosesha raha. Ile ilikuwa kanda ya pili. Ilianzia katikati, Kalama keshakuwa mtu mzima, na hatukujua katoka wapi wala taji kalipata vipi. Kanda hiyo aliileta baba yangu, baharia wa meli za mizigo, nami sijaanza hata kutambaa. Alimwachia mjomba akamwambia ya kwanza ataileta akirudi. Hakurudi. Kwa hiyo nilipokuwa mdogo nilisubiri vitu viwili kwa pamoja, baba na mwanzo wa hadithi, na nikiri kwamba baadhi ya siku niliusubiri zaidi mwanzo wa hadithi.

Vijana wa siku hizi hawawezi kuelewa. Wao picha haijaisha wameshajua mchezaji ana watoto wangapi na anafuga mbwa gani. Sisi tuliziba lile pengo wenyewe. Tulicheza Kalama jioni nzima, ngao za makarara ya mnazi, taji la mkebe wa mafuta uliokatwa kwa mkasi wa fundi wa cherehani, naye akaja kuutafuta mkasi wake kila nyumba. Kila siku tulizua mwanzo mpya. Mara Kalama kazaliwa na samaki, mara kaokotwa Kongowea kwenye magunia ya vitunguu. Mimi ndiye niliyekuwa Kalama siku zote, kwa kuwa kanda ilikuwa ya mjomba wangu.

Nilipofika darasa la saba niliona kuwa macho yangu nayo yana njaa. Nilitia nguo mbili kwenye mfuko wa kitambaa, nikasimama mbele ya mama mlangoni pa banda, pale pale penye karai, nikamwambia, najiona mtu mkubwa, "Mama, usinidai kurudi. Nidai salamu." Alikuwa akigeuza viazi. Hakuinua uso. "Hata salamu sidai," alisema. Nilicheka. Nilidhani tunacheza.

Tangu hapo nimekaa Voi gerejini, nimefua shuka za wageni hoteli ya Shelly Beach, nimevuna chumvi Gongoni, nimeuza miwani Busia. Kila nilipochoka na mahali nilimkumbuka Kalama langoni nikanyanyua mfuko. Nilirudi nyumbani mara moja moja, nikala, nikaenda. Mjomba alipouliza nitatulia lini nilimjibu, "Muulize Kalama," naye alitazama pembeni.

Wiki iliyopita, nikiwa Voi tena, nikaona tangazo ukutani. Maonyesho ya vitu halisi vya filamu za kale za mazimwi na mapanga yanazunguka nchi na nchi, sasa yanakuja Kiembeni. Na katikati ya tangazo lile, lile taji! Pembe zake tatu, na ile ya kushoto imepinda. Nilipiga ukelele hadi mwenye duka akatoka na rungu. Kesho yake nilikuwa Junda.

Mjomba sasa macho yake yana mtoto wa jicho, anaona kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Nilipomwambia, alivaa shati la kwendea kanisani, akaomba fimbo yake ya mfenesi. Mama hakutaka kuja. "Nendeni mkauone huo mwanzo wenu," alisema. "Mje mnihadithie."

Tukapanda tuktuk, watu wazima wawili, tunatetemeka kama watoto wanaopelekwa kutahiriwa.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa joka. Lilikuwa ndani ya kioo, la mpira, mkia umeshonwa uzi, kubwa kama paka aliyeshiba. Binti mwenye kazi ya kuwaelekeza wageni alitusogelea.

"Huyu ni mtoto wake," mjomba alimwambia. "Mama mtu yuko wapi?"

"Babu, ndiye huyu huyu. Walimpiga picha kwa karibu."

Mjomba aligusa kioo kwa fimbo, pole pole, kama anayeamsha mgonjwa.

Mshtuko wa pili, upanga. Mbao iliyopakwa rangi ya fedha! Mapanga yetu ya mchezo kule Junda yalikuwa mazito zaidi. Lakini bado nilikuwa na furaha, maana mbele yetu kulikuwa na taji, na chini ya taji kibao chenye maandishi.

"Soma, mwanangu," mjomba alisema. "Mwanzo tu. Mwisho naujua."

Kiingereza changu ni cha kuokota, kidogo hotelini, kidogo gerejini. Nilisoma mstari kimoyomoyo, nikaurudia. Binti akadhani nimeshindwa.

"Hili ni taji la msaliti," alitusomea kwa Kiswahili. "Mfalme alimlea kama mwanawe, naye akamwibia pete ya ufalme, akafukuzwa nchini."

"Msaliti ni Mwekundu," mjomba alimsahihisha.

"Yule mwenye nywele nyekundu? La, babu, yule ndiye shujaa. Adui ni mwenye taji."

"Anakula kwa mkono wa kushoto!" Mjomba aliitoa ile sauti ya bandani, watu wakageuka na simu zao.

"Kwa sababu wa kulia ulikatwa mishipa, babu. Alimkinga mfalme asipigwe upanga. Iko mwanzoni kabisa."

Mwanzoni kabisa. Kanda ya kwanza.

"Na kubusu mkono wa mzee?"

"Ndipo alipoing'oa pete. Kwa meno."

Mjomba alisimama kama mnazi uliopigwa radi. Kisha akasema, kwa heshima zote, "Binti yangu, mtu anayebusu mkono wa mzee hawezi kuwa mbaya. Walioitengeneza hawakuielewa filamu yao."

Binti alicheka. Mimi sikuweza. Nilimuuliza yule mwanamke wa langoni ni nani.

"Mtumishi tu, anamkabidhi mfuko wake."

"Na yeye anamwambia nini pale?"

"Anaapa atarudi kuichoma nchi nzima."

Mtu niliyemfuata tangu darasa la saba, Voi, Gongoni, Busia, hakuondoka kwa njaa ya macho. Alifukuzwa kwa wizi. Na hata kurudi, yeye aliapa atarudi! Aliyekataa kurudi ni mimi peke yangu.

Nje tulikaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho. Nilimnunulia mjomba dafu, hakulinywa.

"Yale maneno, mjomba. Usinidai kurudi, nidai salamu. Uliyatoa wapi?"

Alizungusha dafu mikononi. "Kwa baba yako. Ndiyo aliyomwambia mama yako siku ya mwisho, mlangoni. Mimi nilikuwepo, nimembebea sanduku."



"Salamu zenyewe hakuleta," aliendelea. "Mama yako alikuwa halali usiku. Basi nikasema, nimtie Kalama maneno yale. Nilitaka dada yangu aone kwamba mtu anaweza kuyasema na bado akawa mtu mwema." Aligeuza uso kuelekea ukumbini, kwenye ukungu wake. "Nami nikamchagua mwizi."

Tukapanda tuktuk kurudi. Mimi nilikuwa nikihangaika na jambo moja tu, mama akituuliza tutamwambia nini. Ndiye aliyesikia maneno yale kutoka kwa mumewe, akayasikia kila Jumamosi kutoka kwa kaka yake, kisha akayasikia kutoka kwangu, mlangoni pale pale. Kama faraja yake yote ilikuwa wema wa Kalama, nani kati yetu angeivunja?

Tulimkuta uani anamenya viazi.

"Enhe? Mmeuona mwanzo?"

Mjomba alikohoa. Mimi nikaanza, "Mama, Kalama..."

"Alikuwa mwizi," mama alisema.

Tulimkodolea macho.

"Mnashangaa nini? Anaubusu mkono wa mzee huku macho yake yako kwenye pete. Nilimuona siku ya kwanza kabisa. Nyote mlikuwa mkimsikiliza Karisa, mimi nilikuwa nikitazama." Alitupa ganda kwenye ndoo. "Lakini Karisa alitaka sana awe mwema. Nikawa natoka nje, nisimharibie."

Mjomba aliketi juu ya kinu. Alicheka hadi machozi, au alilia hadi kicheko, sikuweza kutofautisha. Mama alinisogezea kisu cha pili na nusu ya viazi.

Ulikuwa wakati wetu, jamani, wa kanda moja na mwongo mmoja aliyetupenda. Watoto wa Junda leo wanazo kanda zote, mwanzo na mwisho, mfukoni. Kijana akisafiri, hajafika hata Kongowea ameshatuma salamu na picha ya kiti alichokalia, na mama yake anajibu kwa kidole huku anakoroga mchuzi. Nawacheka, nawaonea na kijicho. Mama simu yake hulia kutwa, salamu za watoto wa dada zangu wakubwa, nami kwenye simu hiyo sina hata moja.

Mfuko wangu uko nyuma ya mlango. Jana mama aliutazama, akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia sijui.

"Basi ukijua," alisema, "nidai mimi salamu. Nitakuletea mwenyewe, huko huko utakakokuwa. Sasa kachote maji."

Nikaenda kuchota maji.