Moto Upi?

Kwa miaka kumi na mmoja, maneno mawili yalikaa ukutani juu ya simu katika chumba cha simu za dharura cha kituo cha zimamoto cha Mwambao: *Moto upi?* Aliyeyaandika kwa chaki ni Inspekta Mwasiti, mzaliwa wa Ujiji, ambaye mama yake ni Muha. Aliyeyafuta kwa kitambaa kibichi ni mtu aliyekuwa na siku tisa tu Kigoma.

Mwasiti aliingia zimamoto akishika mpira wa maji wakati wanaume kituoni wakimcheka: "Huyu dada, mpira ukipata presha si utampeperusha mpaka Kongo?" Haukumpeperusha. Alipanda cheo akawa kiongozi wa kikosi cha gari, na siku moja simu ikapigwa kutoka Mwandiga: umuriro! Wakatoka mbio na lita elfu tano za maji. Moshi hawakuuona. Walimkuta mtoto mwenye homa kali, macho yamegeuka. Kwa Kiha umuriro ni moto unaounguza nyumba, na homa pia ni umuriro. Mtoto yule alipona kwa bahati. Mwasiti hakutaka kutegemea bahati mara ya pili. Kesho yake akachukua chaki, na baadaye, alipopewa kuongoza chumba cha simu, kila mpokea simu alijifunza swali hilo kabla ya kujifunza kitu kingine chochote.

Kisha akaja Afande Martini, mkuu mpya wa kituo, na siku ya tisa akayafuta maneno ya ukutani.

"Hii ni ofisi ya serikali, Inspekta, siyo kilabu cha pombe. Simu zitapokelewa kwa Kiswahili na kwa fomu. Moto, ajali, mgonjwa. Basi."

"Afande, wazee wa huku wakibanwa wanarudi kwenye Kiha."

"Kwa hiyo tupokee simu kwa kilugha? Kesho utaniletea mganga atutafsirie moshi!"

Watu wakacheka, maana mkuu akitania lazima ucheke. Mwasiti hakucheka.

"Moto haujasoma Kiswahili, afande."

Kwa sentensi hiyo alihamishiwa stoo, akahesabu kofia na mipira.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, Bibi Regina wa Mwandiga alipiga simu. Mjukuu wake Winfrida, wa miaka minne, alikuwa ameshikwa na degedege. Jeremia, mpokea simu, kijana mzuri na mtiifu, alisikia kilio na neno moja: umuriro, umuriro. Fomu haikuuliza moto upi, naye hakuuliza; akatia alama kwenye kisanduku cha moto. Gari la zimamoto likatoka likipiga king'ora. Gari la wagonjwa, lenye muuguzi, oksijeni na dawa ya degedege, likabaki uani kivulini, dereva wake akimalizia chai.

Gervasi, kiongozi wa gari la zimamoto, aliruka chini na mpira mkononi, akamkuta bibi kizee amesimama mlangoni na mtoto ndani ya kanga. Akautupa mpira, akawapakia mbele, akageuza gari. Lile gari lilikuwa na maji, shoka na ngazi ndefu. Winfrida alikufa kabla ya kufika hospitali.

Sasa sikilizeni ripoti ilivyoandikwa: *Mpiga simu alitoa taarifa isiyo sahihi.* Yaani bibi ndiye mwenye kosa! Mwandiga nzima ikaipata habari hiyo, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba Regina kamuua mjukuu wake kwa kutojua Kiswahili.

Martini akamwita Mwasiti kutoka stoo.

"Weka sahihi hapa. Unaijua lugha yao, neno lako litakubalika. Jumatatu unarudi kwenye simu."

Chumba kile kilikuwa maisha yake. Aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha mezani.

"Taarifa ilikuwa sahihi, afande. Sisi ndio hatukuuliza."

"Basi utastaafia stoo."

"Nitastaafia stoo."

Mchana huohuo, akiwa bado na sare, alikwenda Mwandiga. Bibi Regina alikuwa amekaa uani peke yake. Hata kuchambua maharage kulikuwa kumemshinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kunifunga?"

Mwasiti akakaa chini, mchangani, akaongea naye kwa Kiha cha mama yake. Alimwambia kwamba alisema vizuri. Neno lilikuwa lenyewe. Waliokosea wana ofisi na simu.



"Kayaseme hayo kisimani," akasema bibi. "Kule ndiko wanakonisema."

Mwasiti akasimama, akakung'uta sare, akaenda kisimani.