Chokaa ya Nje

Mwaka 1985 nyumba ya Batuli binti Gharib, mtaani Shela mjini Malindi, ilikuwa na sura mbili. Nje ukuta umebambuka na kuota kuvu, na mpita njia angeapa kwamba humo mnakaa mjane asiye mbele wala nyuma. Ingia ndani sasa! Sakafu yang'aa, kuta nyeupe pe, mapazia yamefuliwa yakanyooshwa. Fundi wa chokaa akiitwa huamriwa apake ndani tu, wala asithubutu kutoa ngazi nje.

Sababu alikuwa nayo. Marehemu mumewe, Jaafar, alimwambia miaka minane nyuma kuwa watu wa baraza la mji wakiona nyumba imependeza huipandisha kodi. Na Batuli alikwisha kusikia habari za kiwanja kilichonadiwa kwa kodi isiyolipwa. Nyumba ile aliachiwa na babake, na kuipoteza hakutaka hata ndotoni. Basi akaificha, kama mtu afichavyo jogoo wake, mgeni asije akamtamani.

Ndipo bintiye, Mwanasiti, akaposwa na Seif wa Mambrui. Kwao bwana harusi ndiye aendaye kwa bibi harusi, akala fungate humo humo, na ukuta sharti upakwe chokaa kabla ya siku yenyewe.

"Mama, watu wa Seif wapite penye kuvu hivi? Wataniona nimeokotwa."

"Heri uonekane umeokotwa kuliko ulale nje," Batuli akamjibu.

Siku mbili hawakusemezana. Mwanasiti akawa agusa chakula na kukisukuma, na mamake moyo ukimuuma. Siku ya tatu Batuli akajitanda buibui lake akaenda ofisi za baraza, akijua atarudi ama na harusi ya heshima ama na binti aliyevunjika moyo.

Karani alikuwa kijana wa Vitengeni, jina lake Mramba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nambia, nikiipaka nyumba chokaa nje, mtaniongeza kodi kiasi gani?"

Mramba akamtazama, akidhani anataniwa. Alipoona uso wa mama hauna mzaha, akafungua daftari kubwa ambalo kila mwenye kiwanja ana haki ya kulitazama, akamwonyesha jina la babake kwa kidole.

"Mama, sisi hatuhesabu nyumba. Twahesabu thamani ya ardhi tu, ukubwa wake na mahali ilipo. Ukijenga ghorofa, kodi ni ile ile. Ukivunja ukabaki na mchanga mtupu, kodi ni ile ile."

"Na Awadh, jirani yangu mwenye ghorofa?"

Mramba akashuka mistari miwili. "Kiwanja chake ni kidogo kuliko chako. Wewe walipa zaidi yake."

Batuli akakaa kwenye benchi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha zikampanda hasira. Miaka minane! Jaafar, Mungu amrehemu, alikuwa mume mwema, lakini kwa kusema asilolijua alikuwa bingwa. Na yeye mwenyewe, pua na mdomo na ofisi ile, hakuwahi kwenda kuuliza. Mficha uchi hazai, wahenga walikwisha kusema.

Kesho yake fundi Abdulghani alisimamisha ngazi nje, na nusu ya mtaa ikatoka kutazama. Batuli alijaa furaha, akimwelekeza fundi kila pembe kana kwamba ndiye aliyemfunza kazi. Mwanasiti alisimama kando yake mpaka ukuta wa mbele ukawa nusu mweupe.

"Mama," akasema, "nilipokuwa shule sikumleta rafiki hata mmoja hapa. Nikiwaambia twakaa kwengine."

Batuli hakuwa na habari. Akamgeukia, kicheko chote kimemwisha.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani naificha nyumba peke yake."

Mwanasiti akamshika mkono. Wakaingia ndani wakakaa kuandika majina ya marafiki wale wa shule, mmoja mmoja, wakawaalika wote harusini.