Mume wa Mama Sahro

Ugbad alikuwa mke wa mtu, na hakuwa mke wa mtu, na ungemwuliza yeye mwenyewe angekwambia ngoja kwanza nigeuze hizi sambusa zisiungue. Mumewe, Olow, aliondoka Garissa hina ya harusi haijafutika vizuri mikononi mwa mkewe. Akapita Sudan, akafika Libya, akapiga simu mara moja kusema kuna mashua. Baada ya hapo kimya. Miaka ikaenda. Huyu akasema mashua ilizama, yule akasema kuna mtu kamwona Italia, tena amenenepa. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Wallahi hapo wamekosea, maana la Olow lilikuwepo kila siku, asubuhi na jioni, limemkaa Ugbad kifuani.

Tena niwaambie kuhusu wanaume wa ukoo ule, maana bila wao hili jambo halina kichwa wala miguu. Si watu wabaya. Walimletea mchele, walimletea sukari, na Idi haikupita bila mbuzi. Lakini akiuliza, "Olow yuko wapi?" walisema Mungu ndiye ajuaye, wakazungumzia mvua ya Wajir na malisho ya Mandera, wakamaliza chai, wakaaga. Shemeji yake Abdijabar, dalali wa ngamia, mwanamume anayeweza kukuuzia ngamia kilema nawe ukamshukuru, akifika kwa Ugbad alishikwa na kikohozi. Na Ugbad hakutaka makubwa. Alitaka mtu amwambie wewe ni mke, subiri. Au wewe ni mjane, lia. Moja kati ya hayo mawili.

Sambusa zake aliziuza penye lango la chuo wanakofunzwa madaktari. Hapo ndipo Daktari Amran, mama wa Wajir aliyefundisha somo la kuzungumza na wagonjwa, alipomkuta akizozana na mwenye tuktuk kwa mikono, macho na mabega. Akasema moyoni, huyu ananifaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: Ugbad anajifanya mgonjwa, mwanafunzi anakaa mbele yake kama daktari, na Amran anatazama jinsi anavyosema naye. Ugbad alishangaa sana. Watu wazima wanafundishwa kusema?

"Kwani hawa walikuja hapa bubu?" aliuliza.

Amran akacheka. Akamweleza kwamba wapo wanaojua kila mshipa uliomo mwilini, lakini hawajui kumwambia mama kuwa mtoto wake hatapona. Ugbad alikuwa na hofu nyingine pia, kwamba anayejitia ugonjwa huugua kweli, na kwamba kuigiza ni uongo mtupu. Amran akamwambia si uongo ikiwa wote mliomo chumbani mnajua. Jibu hilo lilimridhisha, ingawa si sana.

Mwanzoni aliumwa na tumbo. Halafu mgongo. Siku moja akawa mama mkali asiyetaka mtoto wake achanjwe, na hapo alifurahi mno, maana si kila siku unapewa ruhusa ya kugombana na daktari na bado ukasifiwa.

Kisha Amran akaja na jambo jipya.

"Abaayo," alimwambia, kwani waliitana hivyo, dada kwa dada, "leo wewe ni Mama Sahro. Mume wako amepata ajali barabarani. Umefika hospitali hujui kitu. Daktari ndiye atakayekwambia kwamba amekufa."

Ugbad akaivuta shali yake. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Amran hakuwa na habari yoyote ya Olow. Ugbad hakuwa mtu wa kuanika mambo yake kwa watu. Mpaka leo hajui kwa nini alikubali. Nadhani alitaka kusikia linavyosemwa.

Mwanafunzi wa kwanza aliingia akaanza kueleza mapafu. Wa pili, kijana wa Nairobi, akasema mzee ametuacha.

"Ameacha nani? Ameenda wabi?" Ugbad akamwuliza kwa Kiswahili chake cha Garissa, na kijana wa watu akatokwa na jasho.

Wa tatu, Abdiqani, mtoto wa Lafey kule Mandera, alitoa salamu ndefu, akauliza hali ya nyumbani, akauliza mifugo, akauliza mvua. Wenzake wakaangua kicheko. Ugbad hakucheka, maana mwendo huo aliujua.

Wa nne alikuwa Mamo, Mborana mpole aliyenunua sambusa kwake kila asubuhi. Alisogeza kiti karibu, akakaa. Kwa hofu akasahau kwamba mbele yake yupo Mama Sahro.

"Ugbad," alisema. "Nina habari mbaya. Mume wako amekufa."

Halafu akatulia. Hakukohoa, hakutazama simu, hakutaja mvua. Alikaa naye tu.

Ugbad akangoja mtu aseme Mungu ndiye ajuaye. Hakuna aliyesema. Basi kilio kikamtoka, kilio cha miaka yote ile, akalia mpaka shali ikalowa, na darasa zima likampigia makofi. Hata Amran alifuta macho.

"Mmeona?" aliwaambia wanafunzi. "Mmeona neno la wazi linavyomfikia mtu?"

Mamo peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameinama, ameshagundua kosa lake.

Wanafunzi walipotoka, Ugbad akamgeukia mwalimu. "Daktari, aliyekufa ni nani?"

"Mume wa Mama Sahro, abaayo. Lakini hayupo mtu kama huyo."

"Na Mama Sahro?"

"Naye hayupo."

"Sasa mbona mimi nalia?"

Elimu yote ile, na Amran akaishia kukusanya karatasi zake. Akamwambia apumzike, wiki ijayo asije.

Kesho yake Ugbad hakukanda unga. Alikwenda soko la Mugdi akanunua kitambaa cheupe, kile ambacho mwanamke wa Kisomali hujifunika akifiwa na mume. Njiani akajiambia ni upuuzi. Akafika nyumbani akakivaa. Akakivua. Ikiwa Olow yu hai, si amemfanyia uchuro? Na ikiwa amekufa, nani amesema? Mwanafunzi aliyesahau jina? Alikivaa tena, akajiambia ni kwa asubuhi hii tu, aone. Aone nini, hata yeye hakujua. Alikuwa amevurugikiwa, na mtu aliyevurugikiwa hutafuta angalau mikono yake ifanye jambo.

Jirani yake Shurie akachungulia juu ya ua. Ugbad alikuwa ameshatayarisha maelezo, kwamba ni somo la chuoni, mchezo tu. Hakupata nafasi. Shurie aliweka chini dumu la maji, akasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, akaingia, akamkumbatia. Nusu saa haikupita wakaja wengine, na maziwa, na sukari, na mikeka. Walimshika mkono, wakamwombea subira, wakakaa uani. Ugbad akamtazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amekufa. Wala hakuna aliyeuliza habari imetoka wapi.

Kabla ya adhuhuri Abdijabar akamfuata chumbani bila hodi.

"Nani amekwambia?"

Ugbad akageuka kumtazama.

"Nauliza, nani amekwambia? Tulikubaliana lisitoke."

Jamani, hivyo ndivyo alivyopashwa habari ya mumewe, kwa swali, na mtu aliyedhani yeye anaijua tayari.

"Sijaambiwa na mtu," Ugbad alisema polepole. "Niambie wewe."

Uso wa Abdijabar ukabadilika. Alitazama pazia, akatazama mkeka, ulimi ule wa sokoni umemkauka. Ugbad akamngoja. Hakumsaidia hata kidogo.

"Olow amekufa," akasema mwishowe. "Ni mashua ile. Kijana mmoja aliokolewa, akatupigia simu."

"Lini?"

"Mwaka ule ule alioondoka." Akajifuta uso. "Mama ana presha, walaal, ndugu yangu. Tukasema baba yetu atatafuta siku nzuri akwambie taratibu. Siku nzuri haikupatikana, naye baba akafariki. Kila mwaka uliopita ukafanya jambo liwe gumu zaidi."

Ugbad aliivuta nguo yake nyeupe ikamfunika miguu. Alijisikia hasira, na chini ya hasira huzuni, na chini ya huzuni, Mungu amsamehe, nafuu. Angalau sasa alijua pa kuanzia.

"Basi nitakaa eda," alisema. "Kuanzia leo."

Abdijabar hakuinua macho. "Eda huhesabiwa tangu siku mtu alipokufa, si siku uliyoambiwa. Yako iliisha zamani. Hudaiwi siku hata moja. Tulimwuliza sheikh."

"Mlimwuliza sheikh."

"Tulimwuliza."

"Mimi hamkuniambia, lakini sheikh mlimwuliza."

Eda ya Ugbad ilikuwa imeanza na ikaisha huku yeye anakaanga sambusa na kuitazama simu. Alikuwa huru tangu wakati huo, angeweza hata kuolewa, na ukoo mzima ulijua ila yeye. Akaishika ile nguo. Aivue, na machozi hata hayajakauka? Aendelee kuivaa, na dini inasema amemaliza?

Shurie akafunua pazia. "Ugbad, wageni wanazidi. Nichemshe chai nyingine, au niwaambie nini?"

"Sijui," alisema Ugbad. "Mwulize shemeji. Wao ndio wanaojua mambo yangu."