Mashine Isiyopona

Fundi wa mashine za gemu hakuwahi kumrudishia mteja mashine kabla hajaijaribu mwenyewe: mchawi apae, majoka yamshukie kutoka juu ya kioo, naye ayachome moja moja mpaka lianguke joka kuu. Safari hii mchawi alikuwa anakufa mapema tu. Fundi akatukana, akabadilisha kitufe cha kurushia moto, akabadilisha na nyaya. Wapi!

"Limashine bovu hili, limenishinda," akamwambia mkewe aliyemletea chai.

Mkewe akacheza huku akipiga miayo. Joka kuu likaanguka.

"Mbona zima, baba watoto?"

Fundi akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na nusu ya chai ikamwagika kabla haijafika mdomoni. Wote wawili wakautazama ule mkono unavyotetemeka. Spea zake haziuzwi popote.