Herufi za Zainabo

Msiniambie vita vya Mreno vilikuwa vya bunduki tu. Bibi yangu Mastura hakushika bunduki. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Mute.

Mdogo wangu Zainabo alizaliwa haoni. Wenzake walisoma kwa wino ubaoni; yeye, Bibi alimchongeshea kwa fundi wa Kimakonde herufi ishirini na nane za mbao, azisome kwa vidole. Akasoma mpaka sini, ya kumi na mbili.

Kisha askari wakatuhamishia aldeamento, kijiji chao cha kutufungia kwa seng'enge. Bibi aliacha kinu, akabeba kikapu cha herufi. Masika yale Zainabo akashikwa na homa. Kutoka kutafuta kuni kulipigwa marufuku. Aliyetoka alipigwa risasi. Mtoto alihitaji uji, moto utoke wapi?

Bibi akachoma herufi. Alianzia mwisho, kwani mkono ulikataa kuigusa alifu, inayoanza jina la Mwenyezi Mungu. Herufi nne kwa kila chungu, vyungu vinne. Zainabo akapona.

Asubuhi akaketi mkekani, akapapasa kikapu, akazisoma zote kumi na mbili bila kukosea. Akanyoosha kiganja.

"Bibi, nipe inayofuata."

Hapo ndipo Bibi alipoona kosa lake. Alikuwa amehifadhi zile tu ambazo mtoto alikwisha kuzijua.

Alichota majivu jikoni, akamwekea kiganjani.

"Hii hapa, mjukuu wangu."

Zainabo aliyapapasa, akayapapasa tena.

"Mbona haina umbo, Bibi?"