Mume Wangu Aliligawa Gari Langu Kanisani

Admin, habari za kazi. Jina langu lifiche kabisa, maana wanaonijua wamejaa humu na wataanza kunipigia kabla hawajamaliza kusoma.

Nina miaka arobaini na moja, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, na sasa tunaishi Columbus, huku Marekani, upande wa Northland. Kabla ya hapo tulikaa Buffalo, nikawa namtunza bibi mmoja Mmarekani, mjane, nyumbani kwake. Bibi huyo alikuwa na gari gerejini, la miaka ya sabini, la milango miwili tu, rangi ya damu ya mzee, boneti refu utafikiri halina mwisho, viti vya mahameli kama makochi ya sebuleni. Marehemu mumewe alilipenda mpaka akaogopa kuliendesha. Kanisani Jumapili, kisha linafunikwa shuka. Maili lilizotembea ni chache kuliko za gari la juzi.

Miguu ya Bibi ilipoanza kumsumbua, alikuwa ananiomba nifungue mlango wa gereji tukae ndani ya gari, mimi kwenye usukani, yeye pembeni, tunakunywa chai na hatuendi popote. Tulipohamia Columbus alinikabidhi funguo, karatasi zikaandikwa kwa jina langu. Aliniomba kitu kimoja tu, siku moja nije nimtembeze nalo. Nikamwahidi.

Sasa sikieni vituko. Kanisani kwetu mtu akipata baraka husimama kutoa shukrani. Jumapili ya kwanza baada ya kufika na gari nilikuwa nimejiandaa kusimama, mume wangu akawahi maikrofoni. Akashukuru vizuri, na mimi nimekaa natabasamu kama mjinga. Halafu akasema, "Gari hili si letu peke yetu. Harusi yoyote ya ndugu zetu, iwe Columbus, iwe Louisville, maharusi watapanda hili." Vigelegele vikapigwa. Mimi mwenye gari hakunitupia hata jicho.

Tangu siku hiyo sina Jumamosi. Wanabandika maua kwa gundi juu ya paa, wakiyabandua yanatoka na rangi. Soda imemwagika kwenye mahameli. Kuna bibi harusi wa kule Linden gauni lake lilikuwa pana mno, na kwa gari la milango miwili kiti cha nyuma kinaingiwa kwa kuinama, basi wasimamizi wakamsukuma ndani kama godoro. Mlango ukagonga ukuta, umebonyea mpaka leo. Nikilalamika, mume wangu ananiita mchoyo. Na Bibi akinipigia kuuliza gari linaendeleaje, namwambia lipo salama, roho inaniuma.

Kesho Jumamosi anaoa mtoto wa shemeji yangu, kule Louisville. Shemeji huyu ndiye aliyemlea mume wangu baada ya wazazi wao kufariki, namheshimu sana. Lakini wikiendi hii ni ya siku ya kuzaliwa ya Bibi, na mume wangu nilimwambia mapema, akaitikia sawa. Kumbe gari alishaliahidi. Nilipomkumbusha akasema, "Mama watoto, bibi yako atakuwepo hata wiki ijayo. Kaka yangu nitamwambia nini?"

"Mwambie gari lina mwenyewe," nikamjibu.

Akacheka. Jamani, alicheka, akaendelea kula. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza.

Leo asubuhi alipoenda kazini nilichukua funguo nikashika njia ya Buffalo. Naandika haya nikiwa nimeegesha nje ya nyumba za wazee huku North Buffalo, anakoishi Bibi siku hizi. Nilikuwa naona aibu hata kumwonyesha. Nikamshika mkono akalizunguka polepole, akapapasa mlango uliobonyea, akaona paa lilivyochunika. Nikamweleza yote huku nalia. Akasema, "Mume wangu alilitunza gari hili maisha yake yote, na mimi hakunipeleka popote zaidi ya kanisani. Hiyo harusi ya kesho ni saa ngapi?"

Nilidhani ananitania. Saa hizi yuko ndani anachagua nguo. Ameshauliza kama kofia inaruhusiwa kwenye harusi zetu.

Mikwaruzo nimeisamehe pale pale, kama yeye hana neno mimi ni nani. Lakini kutoulizwa sijasamehe. Nimepanga hivi. Tutalala Columbus kwa rafiki yangu, kesho asubuhi twende Louisville. Naendesha mimi. Bibi anakaa mbele, maharusi nyuma. Lakini kwanza mume wangu asimame mbele ya watu, kama alivyosimama siku ile, aseme, "Gari ni la mke wangu, na niliwaahidi bila kumuuliza." Akikataa, naendelea na safari na Bibi wangu, maharusi watafutiwe gari lingine.

Rafiki yangu anasema nitamvua nguo mume wangu mbele ya ukoo wake, na shemeji hatanisahau mpaka nazikwa. Anasema kijana anayeoa hana kosa. Kweli hana, na hilo ndilo linanirudisha nyuma. Lakini nikinyamaza kesho, nitanyamaza kwenye kila kitu mpaka nizeeke, maana huyu mwanaume ameshaona kwamba nanyamaza.

Simu zake zimejaa hapa, sijapokea hata moja. Ndugu zangu, nimwekee sharti hilo au nimfichie aibu yake kwa mara nyingine? Nishaurini upesi, inaita tena, na safari hii nataka kupokea.