Nilienda Lodwar kumtoa mjukuu kifungoni, nikajikuta natoa maoni ya sheria

Ejok wakuu, ndiyo salamu yetu Waturkana. Mimi ni nyanya wa Kakuma, nauza makaa, na kusoma nilijifunzia ukubwani, ile ya ngumbaru. Haya yamenitokea mwenyewe. Chumvi mimi naweka kwa samaki tu.

Mjukuu wangu Akiru alishikwa Lodwar.

Huyo ni msichana mrefu, mchapa kazi, ukimwona utajua ametoka kwangu. Anachukua samaki wa Kalokol, kule ziwani, anakuja kuuza huku Kakuma kwenye kambi ya wakimbizi. Siku hiyo alikuwa kando ya barabara akingoja gari la samaki. Askari wakamuuliza, "Unafanya nini hapa?" Akasema, "Nakaa." Wakamweka ndani.

Kosa? Kuzurura.

Wakuu, baba yangu alizurura na mbuzi mpaka Kaikor, na babu alipita hapo akaendelea. Kama hilo ni kosa basi tufungwe kabila zima, na mbuzi watufuate.

Nikiwa na hasira hiyo, redio ikasema kuna watu wa kurekebisha sheria wanakuja Lodwar. Wananchi wafike, waseme vifungu gani vimepitwa na wakati, viondolewe.

Mimi nikasikia vifungo.

Nikasema, Mungu amenikumbuka, serikali inaondoa vifungo! Nikavaa shanga zote, shingo haigeuki, nikapanda gari.

Ukumbini ni viti vya plastiki, maji ya chupa na Kiingereza kingi. Maiki ilipofika kwangu nikasimama.

"Nimekuja kumchukua Akiru. Kifungo chake kimepitwa na wakati."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mama mmoja wa meza ya mbele, mtu wa kutoka kule kusini, Kenya kama tunavyopaita sisi wa Turkana, akajikaza, akaniita nyanya kwa lugha yao.

"Shosho, tulisema kifungu. Ni kipande cha sheria. Sisi hatufungui watu."

"Na mtoto wangu amefungwa na nini? Si hicho kipande?"

Akauliza kosa, nikamwambia. Akafunua kitabu, akanisomea kwa Kiswahili: kinamshika mtu anayeonekana njiani na hawezi kujieleza.

"Kiliandikwa wakati wa mkoloni," akasema.

"Sasa mkoloni alienda akasahau mzigo wake?"

Hapo hata yeye alicheka.

Lakini akanieleza ukweli. Wao wanakusanya maoni, wanaangalia kama sheria inapigana na Katiba, wanaandika pendekezo, halafu linaenda mpaka Bunge. Bunge lisipopitisha, sheria ya zamani inaendelea kuuma, hata kama haina meno ya mbele.

Nikaona Akiru atazeekea ndani.

Kumbe yule mama hajamaliza. "Shosho, huyo msichana aliwajibu askari nini?"

"Alisema nakaa."

"Basi akifika kortini asiseme nakaa. Aseme alikuwa anangoja nini."

Wakuu, mnaona? Kwa lugha yetu kukaa ni jibu kamili. Mtu amekaa, unataka nini tena? Kiswahili kifupi ndicho kilichomfunga mtoto.

Nikampelekea Akiru maneno hayo pamoja na chai. Kortini hakimu akamuuliza alikuwa anafanya nini barabarani. Akajibu, "Nilikuwa nangoja samaki wa Kalokol, gari lilichelewa, na wewe ungengoja." Hayo ya mwisho sikumfundisha mimi, hayo ni damu. Hakimu akaficha mdomo kwa mkono, akamwachilia.

Tukiwa nje akaniuliza, "Ata, kwa hivyo hiyo sheria wameifuta?" Ata ndiyo nyanya kwetu.

Nikamwambia, "Bado. Wameibeba Nairobi. Huko inatoka ofisi hii inaingia ile, ikiulizwa inafanya nini, inasema inakaa. Sasa sheria yenyewe ndiyo inazurura."

Somo langu: watu hao wakifika kwenu, nendeni mkaseme, hata kama mmesikia vibaya. Ningesikia vizuri ningebaki na makaa yangu, na Akiru angesema "nakaa" mbele ya hakimu.

Wa kucheka kifungo changu acheke, msichana yuko jikoni anakaanga samaki. Lakini akimaliza kucheka aniambie: huko kwenu ni kipande gani cha mkoloni bado kinauma watu?